Jinsi ya kuandaa Krismasi moja kwa ndugu wasioiona kwa jicho moja

Kwangu Krismasi huanzia kwenye simu. Wiki ya kwanza ya Novemba, kabla nauli za mashambani hazijapanda na kabla watu hawajagawana likizo kazini, nakaa mezani na daftari langu jeusi, nawapigia mmoja mmoja. Nimefanya hivyo kila mwaka tangu mama alipotuacha na nyumba ya kijijini ikafungwa. Mimi ndiye kifungua mimba, ninaishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, na sebule yangu, makochi yakisukumwa ukutani, inakalisha watu kumi na wanane.

Watu hao ndio sababu ya kuandika. Mimi ni Mkatoliki. Mdogo wangu wa kiume ni Msabato. Dada yetu wa tatu aliolewa mtaa wa South C na Mwislamu, naye akasilimu. Mama mkwe wangu ni mzee wa kanisa la Presbiteri, PCEA. Shangazi ni Shahidi wa Yehova. Mpwa wangu mkubwa, tangu alipomaliza chuo kikuu, anasema hana dini na hatafuti. Wote ni wangu. Kama nawe una sebule moja na ndugu wa namna hii, haya ndiyo ninayofanya.

Swali la simu

Usianze kwa kualika, anza kwa kuuliza. Swali langu ni hili: siku hiyo kwako ni siku gani, na ni kitu gani hungependa kikukute ukiwa kwangu? Kisha nanyamaza na kuandika. Sisahihishi mtu.

Utashangaa utakachosikia. Mdogo wangu alinijibu kwamba 25 Disemba kwake ni siku kama nyingine, Maandiko hayakumwamuru aitunze, ila kula na ndugu zake si dhambi. Shemeji alisema Nabii Isa wanamwamini, na habari za kuzaliwa kwake wanazisoma katika sura ya Maryam, ya 19 katika Kurani, pale chini ya mtende. Lakini hawamwiti Mwana wa Mungu na siku hiyo si idi yao. "Nitakuja kwa ajili ya undugu, shemeji," akasema. Mama mkwe alitaka nyimbo tu. Mpwa wangu alisema kwake hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka anayowaona binamu zake wote wakiwa wazima na wameshiba, na kwamba hilo kwake si dogo. Nililiandika kama alivyolisema.

Shangazi hasherehekei Krismasi, kwa hiyo sharti moja: usimwalike "Krismasi". Mwite siku nyingine, kwa chai.

Maombi ya chakula

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba huvunjika.

Mwaka mmoja nilimwachia jamaa yetu aombee chakula, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Akaanza vizuri. Akashukuru mvua, akashukuru safari njema. Kisha akamwomba Mungu awafungue macho walio humu ndani ambao bado wako gizani. Akaendelea hapo hapo, dakika baada ya dakika. Pilau iliyokuwa ikipoa ilikuwa imepikwa na dada yangu tangu alfajiri. Nilifumbua macho, nikamwona shemeji ameweka viganja juu ya magoti, anatazama zulia. Mwanawe wa miaka saba akamvuta mkono wa kanzu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, ni sisi anasema?"

Shemeji akamwambia anyamaze kidogo, wakubwa wanaomba.

Mwaka uliofuata hawakuja. Nilienda South C mwenyewe mwezi wa Januari, nikaomba msamaha nikiwa nimekaa sebuleni kwao, na dada yangu akalia.

Baada ya hapo nilijaribu dawa nyingine, nayo haikufaa. Niliandaa sala ya kumfaa kila mtu, Mungu wa wote, isiyo na jina la Yesu ndani yake. Mama mkwe akahisi nimemficha Bwana siku ya kuzaliwa kwake. Na shemeji, tukiosha mikono, aliniambia kwa upole kwamba hakuwa ameniomba nimfiche mtu. Alichotaka ni asisemwe.

Basi sasa chakula nakiombea mimi mwenye nyumba. Nasema kwanza, kwa sauti: "Naomba kama tunavyoomba sisi kwetu. Asiyeomba hivi atuvumilie kidogo." Nafanya ishara ya msalaba, nashukuru kwa jina la Yesu, namtaja mama, namaliza. Haipiti dakika moja. Sala ya chakula ni ya kushukuru. Mwenye neno la kumwambia mgeni amwambie mgeni, asilipitishe kwa Mungu. Ukimjua jamaa asiyeweza kujizuia, usimpe nafasi hiyo hata kama ni mzee. Mpe heshima nyingine: akaribishe watu mlangoni, au akate keki.

Salamu nazo ni hivyo hivyo. Nawatakia watu wangu heri ya Krismasi, na sidai jibu. Waislamu wenyewe hawajawa na kauli moja kama inafaa kuitikia salamu hiyo. Shemeji husema, "Asanteni, Mungu awape furaha." Hiyo inatosha.

Angalia kalenda kabla ya kupanga saa

Siku ya juma inabadilisha kila kitu. Krismasi ya 2026 inaangukia Ijumaa. Shemeji atakuwa swala ya Ijumaa adhuhuri, na Sabato ya mdogo wangu inaingia jua linapozama, ambalo kwa Nairobi mwezi wa Disemba ni mnamo saa kumi na mbili u nusu jioni. Ukiweka chakula saa saba umemkosa mmoja. Ukisogeza hadi usiku umemkosa mwingine. Mimi nitapakua saa nane u nusu, na vyombo viwe vimeoshwa kufikia saa kumi na moja ili Msabato wetu afike kwake kwa utulivu.

Mwaka 2027 ni Jumamosi. Hapo usimsumbue Msabato mchana. Mwaka 2021 ilikuwa vilevile, tukala usiku, na nakumbuka alivyoingia amebeba sufuria ya maharagwe yaliyopikwa tangu Ijumaa, amevaa suti ya kanisani bado.

Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Krismasi ya mwaka 2000 iliukuta mfungo. Jirani zetu wa wakati huo walikuwa wamefunga, na mama aliwawekea sahani zao kando, zimefunikwa na sahani nyingine, hadi magharibi. Kufikia Disemba ya 2030 mfungo utakuwa umezunguka ukarudi karibu na siku hizo. Andika mapema.

Mimi mwenyewe huenda misa ya mkesha tarehe 24 usiku, ili asubuhi yote iwe ya jikoni. Na chumba cha watoto nakifagia vizuri, natandika mkeka. Dirisha lake linatazama kaskazini, na kwa mtu aliye Nairobi kibla ni kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo tu.

Jikoni

Mbuzi namnunua kwenye machinjio ya Kiamaiko. Wachinjaji wa pale ni Waislamu, na hapo suala la halali limekwisha bila kumuuliza mgeni maswali mezani. Nendeni wawili, mapema, siku mbili kabla. Tarehe 24 msongamano hauvumiliki na bei ni ya kukukomoa. Mwambie dada au shemeji aandamane nawe ukiweza. Kwetu shemeji ndiye huchagua: anamshika mbuzi kiunoni, anamkandamiza kwa kidole gumba kando ya uti wa mgongo kuona nyama iko wapi, na mara nyingi anamwacha yule mwenye manyoya mazuri niliyempenda mimi.

Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, ndiyo inayosahauliwa. Kwa Mkikuyu hakuna Krismasi bila mutura, lakini ndani yake mna damu, na damu hailiwi na Mwislamu, wala na Msabato, wala na Shahidi wa Yehova. Nusu ya nyumba yangu! Usiichome kwenye jiko moja na nyama ya wengine. Sisi tunao wavu wake na kisu chake, huchomwa juu kwenye paa la ploti baada ya chakula, na anayeitaka hupanda ngazi. Bia za mpwa nazo hukaa huko juu. Nyama ya nguruwe haiingii siku hiyo kabisa, na sijaona aliyeipungukiwa.

Sufuria ya pilau nilinunua mpya, ikawa ya dada yangu, haipikiwi kingine. Chapati, kachumbari, mukimo wa mama mkwe, hayo hayana shida.

Ubishi wa tarehe

Utakuja tu, watu wakishashiba. Kwetu huanzishwa na Msabato au na asiye na dini, na maneno yao ni yale yale: Biblia haitaji 25 Disemba, hiyo ni siku ya jua ya Warumi. Usikasirike. Kubali kilicho kweli. Luka anasimulia wachungaji na hori, hatoi mwezi. Kumbukumbu ya kale zaidi inayojulikana ya kuadhimisha tarehe hiyo inatoka Roma, mwaka 336. Kabla yake, mwaka 274, Kaisari Aurelianus alilijengea Jua Lisiloshindwa hekalu huko huko Roma. Wako wanaosema Kanisa lilijibu sikukuu ya jua hilo. Wako wanaosema Wakristo walihesabu tu miezi tisa kutoka 25 Machi, siku waliyoamini Maria alipashwa habari. Wanahistoria bado wanavutana. Imani yangu haikujengwa juu ya tarehe, na Waethiopia wa Eastleigh wanaoadhimisha 7 Januari wanamwadhimisha mtoto yule yule.

Kilichonifungua macho mimi ni jinsi watu wanavyojipanga upya kila swali linapobadilika. Kwenye tarehe, mpwa asiye na dini na mdogo wangu mwenye dini kali wanasimama upande mmoja. Swali likiwa Maria alikuwa bikira, mimi na shemeji tunakuwa upande mmoja, naye mpwa anabaki peke yake. Swali likiwa mtoto yule ni nani, mama mkwe, Msabato na mimi tunakaa pamoja, na shemeji anatuacha hapo kwa heshima. Hakuna kambi mbili, ya wacha Mungu na ya dunia.

Ndiyo maana simpi nafasi anayesema asiyesherehekea Krismasi ni kafiri. Miongoni mwa waliopambana na Krismasi kwa nguvu walikuwamo Wakristo wenyewe. Bunge la Uingereza lililoshikwa na Wapuritani liliipiga marufuku mwaka 1647. Na Uskoti, walikotoka wamisionari walioanzisha Thogoto, misheni iliyozaa PCEA ya mama mkwe, haikuwa siku ya mapumziko ya umma hadi mwaka 1958. Nilipomwambia mama mkwe hilo aliacha kutafuna. Akauliza, "Sasa sisi nyimbo hizi tulizipata wapi?" Tukazungumza hilo hadi jua likazama, na ndiyo jioni nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo naye.

Weka kikomo, hata hivyo. Mtu akianza kujibu kabla mwenzake hajamaliza, mimi huleta chai.

Watoto, zawadi na pango

Zawadi natoa kwa watoto wote sawa, baada ya chakula, na naziita zawadi za shangazi yao, yaani mimi. Za South C hazina nembo ya Krismasi. Santa simzuii, ila huwaambia kwamba nyuma yake yuko askofu wa kweli, Nikolao wa Mira, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Bajeti yangu ni daftari, kalamu za rangi na soksi. Karo ya Januari inajulikana, na sitaki mzazi yeyote akope kwa sababu ya sebule yangu.

Pango langu, lile la sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, haliondoki. Tumelitengeneza kwa udongo na vijiti vya kiberiti, kama Fransisko wa Asizi alivyowaandalia watu wa Greccio pango mwaka 1223, yeye kwa wanyama hai. Niliwahi kumuuliza shemeji kama nilifunike. Akasema hapana, nyumba ni yako. Ila picha za familia zikipigwa, yeye na wanawe wasisimamishwe mbele yake. Basi tunapigia picha upande wa dirisha.

Tarehe 27

Shangazi huja siku hiyo, saa nne asubuhi, na mfuko wake wa ndizi. Usimpe keki iliyobaki. Kaanga mandazi asubuhi ile ile, ayaone yanatoka mafutani. Mapambo bado yako ukutani, naye hasemi chochote kuyahusu, ananiuliza tu magoti yangu yanaendeleaje baada ya kusimama kutwa mbili jikoni. Namjibu bado yanauma, naye anavuta stuli na kuniambia niyaweke juu.