Kuzalisha waridi jipya kwa mkono wako

Kwa muda mrefu wakulima wa Ulaya waliwaachia nyuki kazi ya kuchavusha mawaridi, wakaotesha mbegu na kungoja bahati. Hata 'La France' la mwaka 1867, linalohesabiwa kuwa la kwanza katika kundi la chotara-chai (Hybrid Tea), mkulima Mfaransa Guillot alilikuta tu kati ya miche yake. Wazazi wa waridi hilo hawajulikani kwa hakika. Mwingereza Henry Bennett aliyachukua mawaridi kama mfugaji achukuavyo mifugo: mwaka 1879 alitoa aina zenye baba na mama wa kuchaguliwa. Ndiyo njia tunayoifuata.

1. Chagua wazazi. Mama awe mshikaji mzuri wa matunda. Angalia pia idadi ya kromosomu, vibeba-urithi vya ndani ya seli: mawaridi mengi ya kale ya Kichina yana 14, ya kisasa mengi 28. Ukiyachanganya utapata mtoto wa 21, na mara nyingi huyo ni tasa.

2. Mwandae mama alfajiri. Tafuta tumba lililoanza kulegea ila halijafunguka. Ng'oa petali zote. Utaona duara la vichwa vya chavua, vya njano, vimefumba na vinang'aa. Viondoe kwa kibano, kimoja kimoja. Kama vimeshaanza kutoa vumbi, achana na ua hilo, limeshajichavusha. Funika kwa mfuko wa karatasi.

3. Chavusha. Vichwa vya chavua vya baba viweke kwenye kisahani kivulini. Kesho yake vitapasuka na kuacha unga laini. Stigma za mama, yaani ncha za katikati ya ua zinazopokea chavua, zikinata, zipake unga huo kwa ncha ya kidole, ufunike tena. Mimi hurudia siku inayofuata.

4. Andika lebo papo hapo. Mama kwanza, kisha baba, kisha tarehe. Tafadhali usiseme utakumbuka. Mche wa mzalishaji Mfaransa Francis Meilland uliitwa 3-35-40: mchanganyo wa 3 wa mwaka 1935, mche wa 40. Baadaye ndio uliopewa jina 'Peace', tarehe 29 Aprili 1945.

5. Vuna. Tunda huiva kwa miezi mitatu hadi minne. Toa mbegu, zioshe, zifunge kwenye karatasi yenye unyevu, uziweke kwenye friji, nyuzi 4 hivi za Selsiasi, wiki 6 hadi 12. Zisigande.

6. Otesha na uchague. Panda kina cha sentimita 1. Zitaota kwa kupishana sana. Mche wenye damu ya Kichina ya kuchanua mara kwa mara huweza kutoa ua ndani ya miezi miwili. Wa kuchanua mara moja kwa mwaka utakusubirisha miaka miwili au mitatu.

Ua la kwanza huwa dogo, lenye petali chache, kwa hiyo usilitupe. Mimi hutazama majani kwanza. Mfaransa Pernet-Ducher alituletea njano kali kupitia 'Soleil d'Or' la mwaka 1900, lakini damu ile ya *Rosa foetida*, waridi la njano alilolitumia, ilikuja na udhaifu wa kushikwa na ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Mche unaopukutisha majani kwa madoa miaka miwili mfululizo naung'oa, hata ua lake liwe zuri kiasi gani.