Jinsi ya Kuuza Vyambo Bandia Vilivyotumika kwa Wavuvi wa Karibu Nawe

Mvuvi anayenunua chambo bandia kilichokwisha kutumika hanunui rangi. Ananunua mwendo, yaani namna kinavyotikisika majini kikivutwa. Ndiyo maana siuzi chambo chochote ambacho sijakivuta mwenyewe majini, hata kikiwa kinang'aa vipi. Mnunuzi wa mbali hamtaonana tena. Huyu wa karibu kesho alfajiri mtakuwa ukingo mmoja, na wenzake watakuwa wanasikiliza.

Mwaga mzigo wote juu ya gazeti uutenganishe: vigumu vya plastiki na vya mbao upande mmoja, vijiko (vile vya bati vyenye umbo la kijiko) na vyuma vingine upande wa pili, vile laini vya mpira peke yao. Vya mpira visiguse vigumu kabisa. Ule mpira una kilainishi ndani yake, na kikikaa na chambo kigumu kwa muda hula rangi na kuacha utelezi unaonata ambao hautoki. Kwa kweli vya mpira vilivyotumika sivitozi hela. Vikiwa bado vizima naviongeza kama zawadi kwa anayenunua vigumu.

Halafu ng'oa ndoana zote kwa koleo. Kazi hii watu wengi huiruka, na hapo ndipo biashara inapoharibika. Osha kila chambo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, usugue kwa mswaki laini hasa kwenye vitundu vya pete, ambako mchanga na magamba hujificha. Suuza, kisha acha kikauke kabisa. Usafi huu si wa kupendeza macho tu: vijimea na vijidudu vya ziwa moja husafiri hadi ziwa jingine vikiwa juu ya vifaa vyenye unyevu.

Sasa kitikise sikioni. Vipo vyambo vyenye gololi ndani, na mlio wao ni mkavu. Ukisikia maji yanacheza, kimevuja. Ukiwa na shaka, kizamishe kwenye karai la maji ya moto kiasi, si yanayochemka. Hewa iliyomo ndani itatanuka, na palipo na ufa patatoa mapovu membamba yaliyofuatana. Cha mbao ukikague pale rangi ilipobanduka. Mbao ikishakunywa maji huvimba, na chambo hakiogelei tena kama zamani. Alama za meno zisikutie hofu. Mikwaruzo ya meno ubavuni ni ushahidi kwamba samaki walikikubali, na mimi naipiga picha kwa karibu kusudi.

Kuhusu ndoana, buruta ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, ikikwama bado ni kali. Yenye kutu ya juujuu inaweza kulazwa kwenye siki usiku mmoja, ikasuguliwa na kusuuzwa sana, lakini yenye kutu iliyokwisha kula chuma itupe. Samaki mkubwa ataikunjua au kuivunja, na lawama zitakurudia wewe. Ukiweka mpya, chagua ukubwa na uzito uleule wa zamani, kwani ndoana nzito huweza kuzamisha chambo kilichoundwa kuelea. Yapo maji ambayo ndoana za meno matatu haziruhusiwi, na mengine hudai kile kijino cha kuzuia samaki asichomoke kibanwe. Wewe unayavua maji hayohayo na mnunuzi wako, basi funga ndoana zinazokubalika huko kabla hajakuuliza.

Kisha kivute majini, umbali mfupi tu, mahali pasipo na mawimbi. Kikienda upande wa kulia, pinda kidogo sana ile pete ya puani kuelekea kushoto, ujaribu tena. Kikienda kushoto, fanya kinyume chake. Lauri Rapala, yule mvuvi wa Ufini, alipochonga chambo chake mwaka 1936, alitumia koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, akaivika karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti. Sura haikuwa ya ajabu. Kilichowanasa samaki ni kule kuyumba kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Hicho ndicho unachouza.

Unapopanga, usifuate majina ya watengenezaji. Fuata kina. Tazama ulimi, yaani kile kibao chembamba kilicho chini ya pua ya chambo. Chenye ulimi mrefu uliolala mbele huzama sana. Chenye ulimi mfupi uliosimama hubaki karibu na juu. Mnunuzi akikuambia anavulia ukingoni penye majani, hutahangaika, unampa vya juu. Mwambie pia wewe ulikitumia wapi na saa ngapi, maji yakiwa safi au ya tope. Maelezo hayo hayapatikani dukani, na ndiyo faida ya kununua kwa jirani.

Bei ianzie kwenye bei ya kipya dukani, ushuke kadiri ya uchakavu. Mara nyingi nusu yake ni mwanzo mzuri kwa kilicho na ndoana mpya. Kisichotengenezwa tena huweza kupanda, lakini usikisie. Uliza wazee wanaokijua. Kama unashuku ni cha kughushi, sema hivyo waziwazi na ukiuze kwa bei ya kisicho na jina. Vya kawaida viuze kwa fungu, na kila fungu liwe na kimoja ambacho wewe mwenyewe ungekichukua.

Ukikuta vipande vya risasi (ile metali nzito ya kuzamishia mshipi, si ya bunduki) katika mzigo, viweke kando kwanza. Uingereza ilizuia uzani mdogo wa risasi tangu 1987 kwa sababu bata-maji walikuwa wakiumeza na kufa kwa sumu, na nchi nyingine zina masharti yao.

Siku ya kukabidhi, kila ndoana ivishwe kipande cha mrija au ichomekwe kwenye koki. Mwache mnunuzi akivute majini mbele yako bila haraka. Na akitaka mbadilishane, vile unavyopokea navyo vipite kwanza kwenye karai na mswaki kabla hujavichanganya na vyako.