Anayepinga imani yako, muulize kwanza

Mtu akikuambia Ukristo ni hadithi tu, usikimbilie kubishana naye juu ya kila kitu, kuanzia safina ya Nuhu. Muulize: "Ni jambo gani hasa linalokuzuia kuamini?" Kisha nyamaza umsikilize. Mara nyingi nimekuta jeraha nyuma ya hoja.

Akitaka ushahidi, fungueni 1 Wakorintho 15:3-8. Paulo aliandika barua hiyo yapata mwaka 55, miaka kama 25 tu baada ya msalaba, akataja waliomwona Yesu amefufuka, wengi wao wakiwa bado hai. Hata Tacitus, Mrumi aliyewadharau Wakristo, aliandika kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato. Ukikwama, sema hujui, ukatafute jibu, umrudie.