Kupiga Kambi na Mtoto katika Milima ya Hajar, Oman

Safu ya milima ya Hajar huanzia Musandam, karibu na Mlango wa Hormuz, ikaelekea kusini-mashariki hadi jirani na Sur. Sehemu inayomfaa zaidi mzazi anayesafiri na mtoto ni ya kati, baina ya Nizwa na Rustaq, kwa kuwa vilele, mabonde na vijiji vyake vimekaribiana kiasi kwamba safari ya siku 3 haihitaji kushinda ndani ya gari. Maelekezo haya yanamhusu mtoto wa miaka 7 hadi 12. Aliye mdogo zaidi ni afadhali apelekwe kambi moja tu, mbali na kingo za makorongo.

Majira mazuri ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Machi. Wakati huo jua la mchana huvumilika, lakini usiku wa Desemba au Januari juu ya Jebel Shams, mlima wenye kimo cha takriban mita 3,000, baridi inaweza kukaribia nyuzi 0. Wazazi wengi hubeba mablanketi mazito ya kujifunika wakasahau kwamba baridi hupanda kutoka chini. Godoro nene chini ya mtoto lina faida kuliko blanketi la tatu juu yake. Makaa ya moto yasiingizwe hemani kwa kisingizio chochote, kwa sababu hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Ratiba ipangwe kwa kufuata siku ya mtoto, si hamu ya dereva. Mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni, na mabondeni kivuli huingia mapema zaidi, hivyo gari liwe limesimama mahali pa kulala ifikapo saa tisa alasiri. Muda huo unaobaki ndio safari yenyewe kwa mtoto: apige vigingi vya hema, akusanye mawe ya kuzuia upepo, ajue choo kiko wapi na mpaka wa kucheza uko wapi. Mvalishe filimbi shingoni na mkubaliane kwamba akipotea hatembei tena, bali anakaa alipo na kupuliza mara tatu tatu.

Gari liwe linalovuta kwa magurudumu yote manne na lenye gia nzito. Jaza mafuta Nizwa, kiasi cha kilomita 160 kutoka Muscat, na ubebe spea nzima, jeki yenye ubao wa kuiwekea chini, pampu ya upepo, na maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku pamoja na akiba ya siku moja. Kwenye mchanga watu hushusha upepo wa tairi sana, lakini mlimani usiige hivyo: mawe ya Hajar ni makali, na tairi lililolegea huchanika ubavuni mahali pasipozibika. Kushusha kidogo, tuseme kutoka psi 35 hadi 28 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), kunatosha kupunguza mtikisiko unaomtia mtoto kichefuchefu.

Siku ya kwanza pitieni Al Hamra na kijiji cha Ghul, kisha mpande Jebel Shams. Bonde lililo chini ya uwanda wake lina kina cha takriban mita 1,000, na sehemu kubwa ya ukingo haina uzio. Hema lisimamishwe mbali na ukingo huo, na gari lipaki katikati kama ukuta. Chakula kifungieni garini, maana mbuzi wa huko hawana haya hata kidogo. Hula mkate, na wakikosa mkate hutafuna mfuko wake. Asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, kila mmoja avikung'ute kwa hofu ya nge.

Siku ya pili, mtoto anayesikia maneno anaweza kutembezwa kipande cha njia ya Al Khitaym, inayofuata ubavu wa bonde hadi magofu ya As Sab. Mtoto ashike upande wa ukuta, mzazi upande wa korongo. Baadaye teremkeni kijiji cha Misfat al Abriyyin mkaone falaji, mifereji ya kale inayogawia mitende maji kwa zamu. Msinawe miguu ndani yake, kwani ni maji ya watu. Vijijini mvae nguo za heshima na msipige picha za watu bila idhini. Mkiwasalimu wazee, msishangae mmoja wao akijibu kwa Kiswahili, kwa sababu familia nyingi za Oman ziliwahi kuishi Unguja na pwani ya Afrika Mashariki.

Siku ya tatu ndiyo ngumu. Kutoka Sharafat al Alamayn, mahali pa juu pa kutazamia mandhari, njia hushuka Wadi Bani Awf (wadi ni bonde lipitishalo maji mvua inyeshapo), ikipita kijiji cha Hat na karibu na kijiji cha Bilad Sayt hadi upande wa Rustaq. Kabla ya kuondoka Al Hamra ulizeni hali ya njia na mtazame utabiri wa mvua ya milima yote, si ya mahali mlipo tu, kwa sababu mafuriko ya wadi hutokana na mvua iliyonyesha mbali na huweza kufika chini ya anga nyeupe. Kwa sababu hiyohiyo msilale kamwe ndani ya wadi, hata mchanga wake ukiwa laini namna gani. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la kisheria nchini Oman. Maji yakishuka, pandeni mahali pa juu mngoje. Dharura zote hupigiwa namba 9999, ila mtandao hukatika mabondeni, hivyo mwachieni mtu wa nyumbani njia na saa ya kurudi.

Mteremkoni tumieni gia nzito, injini ilizuie gari, kwani breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Anayepanda apishwe. Simameni kila baada ya nusu saa mtoto anyooshe miguu, na mkifika lami ya Rustaq jazeni upepo wa tairi kabla ya kuongeza mwendo.