Somo: Kurudisha mawasiliano ya data katika Nissan Leaf iliyotoka Japani

Wengi wanaonunua Nissan Leaf iliyotumika Japani huuliza kwa nini programu ya simu hailioni gari, ilhali ndani ya dashibodi mna modemu ya kiwandani. Modemu hiyo imo katika kisanduku kiitwacho TCU, nayo iliandaliwa kuwasiliana na seva za soko ilikotoka, hivyo hapa Tanga haina wa kuzungumza naye. Hata ng'ambo umri umeikuta: AT&T kampuni ya simu ya Marekani, ilizima 2G (mtandao wa kizazi cha pili) mwanzoni mwa 2017, Nissan ikawauzia wateja modemu ya 3G, kisha Februari 2022 kampuni hiyo ya simu ikazima na 3G. Uingereza nako, Leaf za hadi 2016 zilikatiwa huduma ya programu ya simu Aprili 2024. Kwa sababu hiyo simshauri mtu yeyote aagize TCU nyingine. Njia ninayoiamini ni kifaa cha OVMS, kinachochomekwa garini kikasoma taarifa zake na kuzituma kwenye simu yako, ambacho programu yake iko wazi kwa kila mtu, na ambacho unakitilia laini yako mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kifaa. Chukua toleo la 3.3 lenye modemu ya 4G ya SIM7600G, kwa kuwa herufi G ya mwisho inaonyesha kwamba modemu imetengenezwa kwa masafa ya dunia nzima. Zenye herufi A zililengwa Amerika ya Kaskazini na zenye E zililengwa Ulaya. Kifaa cha zamani cha 3G hupatikana kwa bei nafuu, lakini ukikinunua leo umenunua upya tatizo lile lile. Agiza pia waya wa Leaf hasa. Soketi ya OBD (ile ya kuchomekea vifaa vya kupimia gari) ya gari hili ina njia mbili za mawasiliano: pini 6 na 14 hubeba taarifa za kawaida za gari, na pini 12 na 13 hubeba taarifa za mfumo wa umeme. Waya wa kawaida mara nyingi huunganisha zile mbili za mwanzo tu, ukabaki unaliona gari bila kuiona betri kubwa.

Hatua ya pili ni laini. Isajiliwe kwa jina lako na alama zako za vidole, uhakikishe kwa *106#, kisha uondoe PIN ya laini ukiwa umeiweka kwenye simu. Ijaribu pale pale gari linapolala, kwani mtandao wenye nguvu Ngamiani unaweza kuwa dhaifu nyuma ya ukuta wa nyumba ya Raskazone.

Tatu, funga kifaa gari likiwa limezimwa. Soketi iko chini ya usukani. Antena ya GPS itazame juu kupitia kioo, na ya simu ikae mbali na chuma. Hapa naomba muwe waangalifu sana: upepo wa bahari wa Tanga una chumvi, na kiungio cha antena kilichoachwa wazi hupata kutu ya kijani, nguvu ya mawimbi ikapungua polepole bila kitu chochote kuonekana kimekatika. Kwa hiyo antena ibaki ndani ya gari, na viungio vikazwe kwa vidole, bila spana.

Kisha washa kifaa, unganisha simu na Wi-Fi yake, fungua 192.168.4.1 kwenye kivinjari, na ubadilishe nywila ya kiwandani kabla ya jambo jingine lolote. Chagua aina ya gari, jaza APN (jina la njia ya intaneti) ya mtandao wako, kisha fungua akaunti kwenye seva ya OVMS itakayopokea taarifa za gari, na uiingize hapo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Je, nikitia laini ya 4G katika TCU ya zamani, kasi itaongezeka? (Chumbageni)*

Marahaba. Haitaongezeka, kwa sababu kasi huamuliwa na modemu, na laini haiwezi kuibadilisha. Isitoshe, taarifa za chaji ni ndogo sana, hivyo uimara wa mtandao una maana kubwa kuliko kasi.

*Nikipanda milima ya Amani mtandao hukatika. Je, asilimia ninazoziona kwenye simu ni za kweli? (Muheza)*

Ni za mara ya mwisho kifaa kilipoifikia seva. Tazama kwanza saa ya taarifa, ndipo uamini asilimia.

*Naweza kuwasha kiyoyozi nikiwa mbali? Langu ni la 2012.*

Inawezekana, ila matoleo ya kabla ya 2013 yanahitaji waya wa ziada unaofika kwenye plagi ya TCU, na kazi hiyo mpe fundi umeme wa magari. Katika baadhi ya matoleo ya baadaye inabidi TCU ichomolewe.

*Gari likikaa wiki mbili bila kutembea, kifaa hakitaua betri ndogo?*

Kinaweza kuiua, hasa ikiwa imechoka. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6, ikishuka hadi 12.0 imekaribia kwisha. Pima kabla ya kufunga kifaa, na ukisafiri kwa muda mrefu kichomoe kwenye soketi.