Chipukizi kwenye hoki ya barafu: mpe kazi kwanza, dakika zitafuata

Somo hili ni la wanaosaidia kufundisha timu za vijana Canada na Marekani, na la wazazi wanaokaa jukwaani na saa mkononi wakihesabu mtoto kacheza dakika ngapi. Mifano natoa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, kwa sababu takwimu zake kila mtu anaweza kuziona. Waliocheza magongo ya nyasini watanielewa upesi: huku nako wachezaji wanaingia na kutoka bila kikomo, mchezo ukiendelea.

Hatua ya 1: Jua hesabu ya benchi

Timu huvaa wachezaji 20: makipa 2, mabeki 6 na washambuliaji 12 kwa kawaida, safu nne za watatu watatu. Mechi ni dakika 60, zamu moja ni kama sekunde 45. Ukigawa sawa, kila mshambuliaji anapata takriban dakika 15. Lakini hakuna kocha wa NHL anayegawa sawa. Safu ya kwanza inakula 18 hadi 20, ya nne inabakiwa na 8 au 10. Kwa hiyo kila dakika unayompa chipukizi umeichukua kwa mtu, na huyo mtu yuko hapo hapo benchi anakuangalia.

Hatua ya 2: Amua kazi yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanamweka kijana safu ya nne "akue kwanza", bila kumwambia afanye nini huko. Wanaotetea njia hiyo humtaja Joe Thornton: Boston ilimchagua wa kwanza kati ya chipukizi wote wa mwaka 1997, msimu wake wa kwanza akacheza kama dakika 8 kwa mechi na kufunga mabao 3 katika mechi 55, na mwaka 2006 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Sawa, lakini kwa kipaji kile sidhani kama benchi ndiyo iliyomkuza.

Mimi namtazama zaidi Juraj Slafkovsky wa Montreal. Msimu wa 2022-23 alipata pointi 10 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja) katika mechi 39, kisha goti likamtoa. Msimu uliofuata alihamishiwa safu ya kwanza, ya Nick Suzuki na Cole Caufield, akamaliza na mabao 20 na pointi 50. Jibaba lile lilipewa kazi inayolingana na mwili wake: kushinda kisahani (ndicho kinachochezewa badala ya mpira) ukutani na kumziba kipa macho ili wenzake wapige.

Kazi ya chipukizi wako iingie kwenye sentensi moja. Mfano: "Tukipoteza kisahani, wewe ndiye wa kwanza kurudi katikati." Akiweza kuirudia kwa maneno yake, mwingize.

Hatua ya 3: Chagua aingie lini na dhidi ya nani

Katika NHL timu ya nyumbani hubadilisha ya mwisho mchezo unaposimama. Yaani unaona mpinzani kaingiza nani, ndipo unaamua. Itumie haki hiyo: mpeleke kijana dhidi ya safu yao ya tatu, na refa akiwa anadondosha kisahani upande wao. Ugenini huna haki hiyo, basi mpunguzie kidogo.

Jihadhari sana na kipindi cha pili. Timu zinabadilishana pande, na benchi yako inakuwa mbali na eneo lako la kujilinda. Picha ya kawaida: kijana yuko sekunde ya 50, miguu imekwisha, kisahani kiko kwenye gongo lake karibu na mstari wa kati. Anaiona benchi, anakisukuma kivivu, anatoka. Mpinzani anakiokota na wanakuja watatu kwa wawili. Mfundishe mazoezini, kwa kurudia hadi achoke: kisahani kiingie kwanza hadi ukuta wa nyuma yao, ndipo uende kukaa.

Hatua ya 4: Mpinzani akipungukiwa mchezaji

Mchezaji wao akitolewa kwa adhabu, mpe nafasi kwenye kikosi chako cha pili cha kushambulia. Kuna uwazi, anagusa kisahani, anajiamini. Mkipungukiwa ninyi, waachie wakongwe.

Hatua ya 5: Akikosea

Zamu moja akae, umwonyeshe kosa kwenye tableti, inayofuata aingie. Ukimweka nje kipindi kizima, akirudi atacheza kwa kuogopa, na atakutupia kisahani hovyo ili kisimfie yeye.

Maswali ya wanachama

*Kocha, mwanangu ana miaka 12, tuko Edmonton. Anacheza kidogo kuliko wenzake. Nimwambie kocha wake?*

Mwambie, ila si pale mlangoni baada ya mechi. Klabu nyingi Canada zinataka mzazi asubiri saa 24. Ukifika usianze na dakika. Uliza mtoto aongeze nini. Na kwa umri huo, mimi ningegawa zamu karibu sawa.

*Mkuu, mbona Connor Bedard wa Chicago alipewa dakika nyingi tangu siku ya kwanza?*

Kwa sababu Chicago ilikuwa inajenga upya, hakukuwa na wa kumpisha. Alipata pointi 61 katika mechi 68 na tuzo ya chipukizi bora ya 2024, lakini pia tofauti yake ya mabao ya kufunga na kufungwa akiwa ndani ilikuwa -44, maana timu ilifungwa sana. Timu inayowania ubingwa haiwezi kulipa bei hiyo.

*Sisi wa Nairobi tuliojifunzia uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari tufuate sekunde 45?*

Hapana. Uwanja mdogo haukupi nafasi ya kuteleza bila presha, na Nairobi iko juu, kama mita 1,700. Sekunde 30 zinatosha.

*Nimwanzishe winga au senta?*

Winga. Senta lazima ashuke hadi golini kusaidia mabeki, na kusoma nani wa kukabwa huko chini kunachukua muda. Mpeleke katikati dakika tano za mwisho mkiwa mnaongoza kwa mabao matatu, uone anasimama wapi.