Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Lodwar na Lamu

Lodwar na Lamu zote ziko Kenya, lakini ya kwanza iko kaskazini mwa ikweta na ya pili kusini, na hapo ndipo wengi wanaojipigia hesabu ya umbali hukosea. Uwanja wa ndege wa Lodwar uko nyuzi 3 na dakika 7 kaskazini (dakika hapa si ya saa, bali ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi), na nyuzi 35 na dakika 37 mashariki. Uwanja wa Manda, unaoihudumia Lamu, uko nyuzi 2 na dakika 15 kusini, na nyuzi 40 na dakika 55 mashariki. Kwa kuwa ikweta inapita kati yao, latitudo hujumlishwa, hazitolewi, nawe utapata nyuzi 5 na dakika 22, yaani dakika 322. Longitudo, ambazo zote ni za mashariki, hutolewa, zikabaki dakika 318.

Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852, na karibu na ikweta dakika ya longitudo nayo hukaribia sana urefu huo. Basi zidisha 322 kwa 322, na 318 kwa 318, ujumlishe, kisha utafute kipeuo cha pili: utapata maili 453 za baharini, au kilomita 838 hivi. Kwa viwanja vilivyo mbali na ikweta njia hii haifai mpaka tofauti ya longitudo izidishwe kwanza kwa kosaini ya latitudo.

Ili kupata muda, gawanya umbali kwa mwendo wa ndege. Cessna Caravan, ndege ya injini moja iliyozoeleka katika viwanja vidogo, huenda takriban maili 160 za baharini kwa saa, hivyo ingetumia saa 2 na dakika 50. Kwa ndege ya maili 270 kwa saa, ni saa 1 na dakika 40. Ongeza kama dakika 15 za kupaa na kutua. Upepo usiupuuze hata kidogo katika njia hii, kwa maana upepo mkali wa kusini-mashariki hupita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ndio huo unaozungusha mitambo ya umeme karibu na Loiyangalani, na ndege inayoelekea Lamu huukabili. Mbisho, yaani upepo wa mbele, wa maili 20 kwa saa huirefusha safari ya Caravan hadi saa 3 na dakika 14.

Hesabu hiyo ni ya ndege ya kukodi inayokwenda moja kwa moja. Abiria wa kawaida hupitia Nairobi: maili 276 za baharini hadi uwanja wa Wilson, kisha 252 hadi Manda, jumla kilomita 978 hivi. Nyongeza ya kilomita 140 angani ni ndogo; kinachokula muda ni kusubiri, hasa ndege ya kwanza inapotua Wilson na ya pili ikaondokea Jomo Kenyatta, kwani itakubidi kuvuka jiji lenye msongamano. Linganisha ratiba zote mbili kabla ya kulipa, na kama nafasi kati yake haifiki saa 3, ni afadhali ulale Nairobi. Mwishoni hesabu pia mashua, kwa kuwa Manda ni kisiwa peke yake na mji wa Lamu uko ng'ambo ya mkondo.